Mtoto Wetu Anasoma Kifaransa

Aliyenitajia shule ile mara ya kwanza ni dada mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi Malton, kwenye ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo kwa ndege. Watoto wake wawili walikuwa huko. Aliniambia ni shule ya serikali kama zilivyo nyingine, haina ada, ila watoto wanasoma karibu kila kitu kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na nafasi lazima uiombe mapema kwa sababu wazazi wanaigombania.

"Walimu wake wako tofauti," alisema. "Na wazazi wako tofauti pia."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo.

Sisi tulihamia huku kutoka Tanzania, tunakaa Weston, kwenye jengo la zamani la ghorofa karibu na mto Humber. Shule ya mtaani iko ng'ambo ya barabara. Ukifungua dirisha la jikoni unaisikia kengele yake. Watoto wa jengo letu wote husoma pale. Binti yetu alikuwa analipita lango lile kila asubuhi, begi mgongoni, kwenda kusubiri basi la njano limpeleke mtaa wa mbali wenye nyumba za matofali na bustani mbele. Mume wangu alihoji mara moja tu, siku tuliyopata barua ya kukubaliwa. Alikuwa anamenya viazi.

"Kazi za nyumbani nani atamsaidia? Mimi Kifaransa sijui hata kusalimia."

"Si ndiyo maana anapelekwa shule?" nikamjibu. "Watamfundisha wao."

Hakubisha. Mambo ya shule aliniachia mimi, kwa kuwa nilisoma kumzidi, na mimi nilipenda kuachiwa.

"Mtoto wetu anasoma Kifaransa." Nilikuwa nalisema hilo kana kwamba ni jambo dogo, lakini nilihakikisha limesikika. Nyumbani Iringa nililisema kwenye simu. Kanisani ndiko lilikopokelewa vizuri zaidi. Ibada yetu ni ya Kiswahili, na waumini wengi ni ndugu waliotoka Kongo na Burundi, watu ambao kwao Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya waliosoma. Kusikia kwamba mtoto wa Kitanzania anasoma Kifaransa kuliwafurahisha kana kwamba tumehamia kwao. Mama mmoja wa kwaya alikuwa kila akituona anamshika binti yangu kidevu na kumwita profesa.

Ripoti za shule zilikuja nzuri. Hazikuwa na nafasi darasani kama zile za kwetu, wa ngapi kati ya wangapi; zilikuwa na sentensi. Anaendelea kukua kama msomaji. Anaonyesha bidii. Akikumbushwa, hutumia msamiati aliojifunza. Nilizisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikazibandika kwenye friji. Siku za kuonana na mwalimu tulipewa dakika chache, na kila mwalimu alianza na kumaliza kwa kutuambia ni furaha kubwa kuwa na mtoto huyu darasani. Tulitoka tumeridhika. Nani asingeridhika?

Binti yangu alikuwa darasa la tano wakati kijana mmoja wa kwaya alipooa. Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi Mississauga, meza za duara, sombe ya majani ya muhogo, makayabu, wale samaki wa chumvi, na pilau. Baba wa bwana harusi alikuwa amekuja kutoka Montreal na mkewe. Ni mtu wa Bukavu, mzee mrefu aliyevaa suti ya kijivu, mpole. Yule mama wa kwaya akampeleka hadi kwenye meza yetu.

"Mzee, hawa ni Watanzania, lakini binti yao anasoma Kifaransa. Profesa wetu huyu."

"Eh! Mutoto wa Tanzania anasema Kifaransa!" mzee akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Njo vizuri sana hiyo."

Akavuta kiti, akakaa ili wawe sawa kwa urefu, akamwuliza kitu kwa Kifaransa. Sikuelewa, lakini kwa uso wake nilijua ni swali jepesi, labda umri wake au jina la shule. Binti yangu akawa anaangalia viatu vya mzee. Mzee akalirudia swali taratibu zaidi, akiongeza ishara za mikono. Binti akasema neno moja ambalo hata mimi nalijua, ndiyo. Watu wa meza wakacheka kidogo. Mzee akauliza jingine. Binti akasema tena ndiyo, na safari hii hakuna aliyecheka, maana ilionekana wazi kwamba swali lile halikuwa la kujibiwa ndiyo.

Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutabasamu, "Mjibu babu basi, usione haya." Kila mtu mezani alikuwa akimsubiri. Midomo ya binti ilifunguka, ikafungika.

Mzee ndiye aliyetuokoa. Akampigapiga begani, akasema, "Si kitu. Mutoto iko na haya. Hata mimi nilikuwa hivyo." Akainuka na kuhamia meza nyingine. Lakini mkewe alibaki akinitazama kidogo, na macho yake yalikuwa ya huruma. Ningefurahi zaidi kama angenicheka.

Kwenye gari nilimwuliza binti yangu kwa nini hakumjibu yule babu. Watoto wetu wa huku unawauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

"Nilisahau," alisema.

"Umesahau jina la shule yako?"

Mume wangu alikuwa anaendesha. Nikamwona anamtazama kwenye kioo, kisha akawasha redio.

Kesho yake, baada ya ibada, nilichukua kitabu alichoazima maktaba ya shule nikamwambia anisomee. Alisoma haraka, bila kukwama, na kwa sikio langu kilikuwa Kifaransa kitupu, kile cha kupitia puani. Nikaanza kupumua. Kisha nikamwuliza, "Haya, niambie, hapo inasema nini?"

"Ni habari za mbwa."

Jalada la kitabu lilikuwa na picha ya mbwa.

"Amefanya nini huyo mbwa?"

Akafunua kurasa akitafuta picha. Nilikiondoa kitabu mikononi mwake taratibu, nikamwambia akale.

Wiki ile nilimwandikia mwalimu wake nikaenda kumwona. Alikuwa msichana mdogo, mcheshi, mwenye sauti ya kukauka kwa kuongea kutwa. Nilimweleza habari za harusi. Akatabasamu, akasema watoto wengi huogopa kuongea na wageni, kila mtoto ana mwendo wake, na wangu yuko pale anapotarajiwa kuwa.

"Pale ni wapi?" nilimwuliza.

Akasema ataendelea kumtia moyo. Nilishukuru, nikatoka. Hadi leo sijui kwa nini nilishukuru.

Mwezi uliofuata shule iliita wazazi jioni, mkutano wa kusema tungependa nini kiwe bora zaidi. Mume wangu alikuwa shifti na gari lilikuwa naye, kwa hiyo nilikwenda kwa mabasi mawili na binti yangu, kwa kuwa shule ilisema kuna watu wa kuwaangalia watoto kwenye ukumbi wa michezo. Mkutano ulikuwa maktaba. Viti vilikuwa vya watoto, na sote tulikaa magoti yakikaribia kidevu, wakurugenzi na madaktari na mimi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, alitugawia vikaratasi vya rangi tuandike matakwa yetu tuvibandike ukutani, kisha kila mtu aelezee lake.

Wakaanza. Mmoja alitaka miti ya kivuli uwanjani. Mmoja alitaka chakula cha mchana kisiwe na sukari. Baba mmoja alitaka safari ya darasa la sita kwenda Quebec, jimbo wanakozungumza Kifaransa, iwe ndefu zaidi, na alieleza kwa muda mrefu. Mwingine alitaka watoto wasishikeshike kompyuta. Kila mmoja alisema kwa ulaini, na wengine wakatikisa vichwa. Kikaratasi changu kilikuwa kitupu mkononi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, na kwa kuwa kiti kilikuwa kifupi nilisimama kwa tabu, nikiinua kwanza makalio.

Mimi Kiingereza nakijua. Ndicho ninachofanyia kazi, nagombana kwacho kwenye simu na madereva wa malori siku nzima. Lakini mbele ya wale watu kilinitoka mikononi. Kiingereza kina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na ulimi wa Mswahili aliyeshikwa na hofu hauna muda wa kuchagua. Nikasema ninaye mtoto darasa la tano, na yeye wa kiume amesoma hapa tangu mwanzo, na yeye wa kiume anasoma kitabu bila kujua kinasema nini. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Samahani, tunamzungumzia mvulana wako?"

"Binti," nikasema. "Ni binti."

Wawili watatu wakatabasamu, wakainamisha vichwa ili nisione. Baada ya hapo sikupanga tena maneno. Nilisema kila ripoti inanieleza kwamba mtoto anakua. Nyumbani namwona anakua, viatu vinambana. Ninachotaka ni shule iniambie ukweli. Kama hajui, waseme hajui. Na kwa kuwa nilitaka waelewe, nilipaza sauti nikasema:

"Mtoto wangu hajui kitu. Miaka mitano, na hajui kitu chochote!"

Ndipo nikaona wenzangu hawanitazami mimi. Wanatazama mlango. Binti yangu alikuwa amesimama pale, koti lake mkononi, pamoja na mwanamke kijana wa kuwaangalia watoto. Nadhani alikuja kuniomba chupa ya maji. Alinitazama, akageuka, akaondoka zake kimya kimya, na yule mwanamke akamfuata.

Mwenyekiti alinishukuru kwa kuzungumza kutoka moyoni. Akaandika neno moja ubaoni, mawasiliano. Kisha akamgeukia mzazi aliyefuata, ambaye alitaka bustani ya mboga.

Nilikaa. Sikumbuki yaliyosemwa baada ya hapo. Nakumbuka zulia la maktaba lilikuwa na herufi za alfabeti, na viatu vyangu vya theluji, ambavyo sikuvivua mlangoni kama wengine, vilikuwa vimelowesha herufi mbili tatu.

Nilipokwisha kumchukua binti yangu ukumbini, mama mmoja alinifuata hadi nje. Nilimfahamu kwa sura. Binti yake na wangu walikuwa wakikaa meza moja darasani. Alivaa koti refu zuri na alikuwa anatafuta funguo za gari ndani ya mkoba.

"Ulichosema ni kweli," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wangu pia alikuwa hivyo hivyo. Mwaka walipokuwa darasa la tatu mwalimu aliacha kazi katikati ya mwaka, wakaletewa watu wa kushikilia nafasi yake ambao hata Kifaransa hawakijui. Ndiyo maana tulimtafutia mwalimu wa kuja nyumbani."

"Mwalimu wa nyumbani?"

"Karibu wote wanao." Alinitazama vizuri. "Hukujua?"

Sikuwa najua. Miaka yote ile nilidhani wenzangu wana watoto wenye akili. Nikamwambia ndiyo, nilisikia sikia. Akauliza kama tunahitaji lifti hadi kituoni, nikakataa, nikasema gari letu liko nyuma. Tukasubiri hadi taa za gari lake zilipopotea ndipo tukaenda kituo cha basi, binti yangu na mimi, na barafu ikivunjikavunjika chini ya miguu.

Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele yangu badala ya kukaa nami. Nilimwona kisogo tu, na mabutu niliyomsuka mwenyewe.

"Sikukusudia usikie," nilimwambia.

"Uliwaambia sijui kitu." Kwa Kiingereza, bila kugeuka.

"Nilikuwa nawasema wao, mama. Si wewe."

"Uliwaambia mimi."



Siku chache baadaye yule mwalimu alinipigia simu ofisini. Aliniomba nisimkatize kwanza. Akasema sentensi za ripoti wanazichagua kwenye orodha iliyoandaliwa, na kwamba mwanangu yuko nyuma sana, kama miaka miwili, na si yeye peke yake. Alisema alitamani kuniambia siku ile nilipokuja, akaogopa. "Nilidhani ungeumia," alisema. Nilitoka nje kwenye maegesho ya malori ili wenzangu wasinione uso. Ndege ilikuwa inatua, nikasubiri ipite. Kisha nikamwuliza angefanya nini kama angekuwa mtoto wake. Akasema angemwuliza mtoto.

Tulimwuliza jioni hiyo mezani. Mume wangu ndiye aliyeuliza, kwa sababu na mimi binti alikuwa bado anaongea kidogo.

"Mwanangu, unataka kubaki shule ile au uhamie hii ya hapa?"

"Hii ya hapa," alisema upesi. Kumbe jibu alikuwa nalo siku nyingi.

Kisha akatueleza. Tangu darasa la pili au la tatu alikuwa haelewi. Mwalimu akisema jambo, yeye alitazama wenzake wanatoa daftari gani naye akatoa hilo. Wakiimba alichezesha midomo. Wakicheka alicheka. Alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

"Kwa nini hukutuambia?" mume wangu akamwuliza.

Alishangaa kweli. "Nilidhani mnajua," alisema. "Si mlikuwa mnapata ripoti?"

Mume wangu aliinuka akaenda kunawa mikono, ingawa hatukuwa tumemaliza kula. Maji yalitiririka muda mrefu. Mimi nilibaki na binti yangu, na nilitaka kumwomba radhi, lakini kila sentensi niliyoianza kichwani ilikuwa ya kujitetea. Mwisho nikamwongezea mchuzi.

"Usiwaambie watu wa kanisani," alisema. Nikamwahidi.

Septemba, mwaka mpya wa shule ulipoanza, akavuka barabara pamoja na watoto wa jengo letu. Kumpeleka siku ya kwanza kulinichukua dakika moja, na nilitembea nikiomba nisikutane na mtu. Niliona kana kwamba kila mama pale langoni alikuwa anajua kwamba miaka mitano mtoto wangu aliwapita akienda pazuri zaidi, na sasa amerudishwa. Huenda hawakuwa na habari. Walikuwa wana watoto wadogo wa kuwafunga zipu.

Kwenye mkutano wa kwanza na mwalimu mpya, bwana mmoja mnene aliyekuwa amefunga tai yenye doa, nilijiandaa kwa tabasamu. Hakunipa. Alitandaza karatasi tatu za mwanangu mezani, akanionyesha. Hesabu, kugawanya hawezi. Kusoma Kiingereza, yuko nyuma kwa mwaka mzima, kwa sababu na hicho hakufundishwa vya kutosha. Kuandika, anaandika kama anavyoongea. Alisema atambakisha baada ya masomo siku mbili kwa wiki na wengine wachache, kama nitaruhusu. Niliona aibu hata nikashindwa kuinua macho, nikazitazama zile karatasi, mwandiko wa mwanangu ulivyokuwa unapanda juu mwisho wa kila mstari. Lakini nilikuwa naelewa kila alichosema. Nilimwuliza maswali, akayajibu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza binti yangu yote, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa amekunja miguu kwenye kochi.

"Nyuma mwaka mmoja tu?" aliuliza. Akaonekana kufarijika.

Hayo yalikuwa majira ya baridi yaliyopita. Sasa anagawanya. Anasoma kitabu na kunisimulia, wakati mwingine zaidi ya ninavyotaka, nikiwa napika. Kanisani yule mama wa kwaya bado anamwita profesa, na mimi huwa naona kitu cha kushughulikia ndani ya mkoba wangu.

Jumamosi moja ya karibuni dada yangu alipiga simu ya video kutoka Iringa, kwetu asubuhi, kwao jioni. Nyuma yake niliona shangazi wawili na majirani sebuleni. Kulikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wake.

"Hebu nipe huyo Mfaransa wetu," dada akasema. "Awasalimie hapa kwa Kifaransa, wasikie. Nimewaambia hawaamini."

Binti yangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu, nje kidogo ya kioo cha simu, na bakuli la uji mapajani. Tulitazamana.

"Yuko bafuni anaoga," nikasema.

"Anaoga saa hizi? Mwite."

"Anaoga, dada. Atakupigia."

Binti yangu aliweka bakuli chini polepole ili lisilie, akainuka, akatembea kwa ncha za vidole hadi bafuni. Akafungua bomba la mvua mpaka mwisho, ili mama yake mkubwa huko Iringa asikie maji.